Kuzunguka Si Uzima

Nyinyi vijana wa atelye, karakana yetu ya moteri, mnasema nimeacha kazi mapema. Mtu wa miaka hamsini na kidogo, mnasema, bado anaweza kubeba moteri ya kinu cha unga mgongoni. Nguvu ninayo, tena ya kuwashinda nyinyi wawili mkiunganishwa. Kilichokwisha ni macho. Ile waya nyembamba kama unywele, ya feni na pampu ndogo, siku hizi naiona mbili palipo na moja, na fundi wa namna hiyo atachoma nyumba ya mtu. Basi nimeweka koleo chini, nimekaa barazani kwangu hapa Buyenzi, Bujumbura, na kwa kuwa kukaa bure sikujaliwa, nimeshika kalamu. Shule niliacha darasa la tatu. Atakayecheka mwandiko wangu aje kwanza anionyeshe moteri yake ya kwanza.

Sitawaeleza jinsi atelye ilivyokuwa yangu. Jina langu liko juu ya mlango kwa herufi kubwa, kibao nilikichora kwa mkono wangu, inatosha. Nitawaeleza kazi. Na ndani ya kazi nitawaeleza habari ya ukuta, maana kila mwanafunzi mpya huuliza kwa nini kuna maneno mekundu juu ya meza ya kukaushia, na najua kila mmoja wenu ameshampa jibu lake la uongo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kiwandani, kule Quartier Industriel, miaka mingi kabla ya vita. Mkubwa wa chumba cha kufunga waya za moteri alikuwa Mzee Barnaba, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mtu mfupi mwenye vidole virefu vya kuazima. Kwake kulikuwa na sheria moja tu. Anayehesabu mizunguko ya waya anageuza kofia yake, mbele inakuwa nyuma. Ukiona kofia imegeuzwa husemi naye, humsalimii, humwombi kiberiti, hata awe mkweo. Siku moja mkurugenzi mwenyewe alisimama mbele ya Mzee akiuliza jambo. Mzee akaendelea kuzungusha waya taratibu mpaka mwisho, akafunga fundo, akarudisha kofia mahali pake, ndipo akasema, "Bonjour, Monsieur." Mkurugenzi alikuwa bado amesimama. Nikajiambia, hii ndiyo kazi ninayoitaka: kazi ambayo bosi anakungoja.

Nami wakanipa moteri. Nikageuza kofia, nikahesabu vizuri sana, mpaka mjusi akapita ukutani. Nikaenda na mjusi. Aliingia nyuma ya bomba, akatoka upande wa pili, akakutana na mwenzake wakagombana kidogo. Niliporudi, hesabu haikuwepo. Sasa, mimi si mtu wa kushindwa na namba. Nikakisia, nikafunga, nikaunganisha, na moteri ikazunguka kama bibi harusi. Nikamwita Mzee aone.

Mzee hakuangalia. Alichukua mkono wangu, akaugeuza, akauweka juu ya chuma. Mgongo wa mkono, si kiganja. Hili mlishike: kukiwa na kurani, yaani umeme, iliyotoroka, kiganja hukamata chuma kikang'ang'ania, mgongo wa mkono hukimbia. Akaniacha hapo mpaka nikauondoa mwenyewe.

"Inazunguka, Mzee," nikasema.

"Inazunguka," akasema. "Lakini iko moto. Bomoa."

Nikabomoa yote. Na si mara moja. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa amesema mimi ni mkia wa mjusi uliokatika: mwenye mkia keshakwenda zake, mkia bado unarukaruka. Mzee Barnaba hakuniita hivyo, lakini baada ya wiki chache alikaa pembeni yangu, akaniuliza ni kitu gani nakijua kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Nikamwambia kasida za maulidi. "Basi himu hizo, ziimbe mdomo umefungwa," akasema. Kila ubeti nikauwekea mizunguko yake, na mguu ukapiga chini kwa kila mzunguko. Sikupotea tena. Wenzangu walicheka, wakasema yule wa Buyenzi anafunga waya kama mtu aliyeko harusini. Wacheke. Moteri zao zilirudi, zangu hazikurudi.

Vita vilipokuja nilikuwa tayari na mlango wangu mwenyewe katika Quartier Asiatique. Mnajua jinsi mji ulivyokuwa, sina haja ya kuwapigia hadithi. Nitasema la kazi tu. Ambargo, vikwazo vya nchi jirani, ilipofunga mipaka, moteri mpya hazikuingia, wala waya, wala verni ya kupaka juu yake. Mafundi wengine walikaa mlangoni wakalia. Mimi nilipanua mlango. Vipande vya plastiki vya kuzibia matundu ya waya vilipokwisha, nikachonga vya mwanzi, nikavichemsha kwenye mafuta, na vingine viko ndani ya vinu vya mji huu mpaka leo. Tanuri la kukaushia nilitengeneza kwa pipa. Brashi ya verni ilikuwa mswaki wa shemeji yangu, ambaye hakuulizwa. Kati ya bandari na soko hakuna kinu kilichosaga unga miaka ile bila kupita mikononi mwangu, na kama kipo, kilisaga vibaya. Hata kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku, ilinifaa. Saa ya kufunga ikikaribia, mteja anataka mali yake na fundi anataka kwenda kwake, kwa hiyo ahadi zilitimizwa. Amani bado haijaweza hilo.

Kesi ngumu hazikuwa moteri zilizokufa. Iliyokufa ni rahisi, inakubali kufunguliwa. Ngumu ni zile zinazozunguka. Moteri kubwa inakula kwa midomo mitatu, fazi tatu. Fazi moja ikikatika wakati inazunguka, haisimami. Inaendelea. Inanguruma kidogo, basi. Zile mbili zilizobaki zinabeba mzigo wa ya tatu, zinachemka polepole, na mwenye kinu anasimama pembeni akisema ile sentensi niliyoisikia maisha yangu yote: "Fundi, si inazunguka? Tatizo iko wapi?" Mwisho unaifungua, unakuta mafungu mawili ya waya meusi kama makaa na la tatu linang'aa. Nilichoka kuwaeleza. Siku moja nikachukua rangi nyekundu, nikapanda juu ya meza, nikaandika ukutani: KUZUNGUKA SI UZIMA. Tangu hapo mteja akianza sentensi yake, mimi nainua kidole tu. Anasoma, ananyamaza, anaacha moteri.

Sasa Zuhura, binti yangu.

Mnamjua Zuhura mkubwa huyu, mwenye maneno. Wakati ule alikuwa wa darasa la sita, mwaka wa konkuri, ule mtihani ambao ukiushindwa, shule imekuaga. Shule ilikuwa ya asubuhi, na mchana nilimtaka karibu nami, maana miaka ile kila mzazi alitaka kusikia sauti ya mtoto wake kuliko kubahatisha. Akawa anakuja atelye. Ndala alikuja nazo mbili, akaondoka na moja. Ukimtuma msumari alirudi na habari ya mtu aliyekutana naye. Aliimba masomo. Alifunga nyuzi za pamba kwenye vidole, kila uzi ukumbusho wa jambo, mpaka mkono ukafanana na kifurushi cha posta. Na darasani alikuwa miongoni mwa wa mbele! Nilikuwa na ripoti yake chini ya kioo cha meza, kila mteja aione kabla ya moteri yake. "Mutoto yangu," nilikuwa nasema, "hana hata muda wa kukaa, na bado anawapita waliokaa."

Ndipo Dokta Gorethi akaja na pampu yake.

Dokta Gorethi ni daktari wa watoto, mwanamke mrefu wa Kiriri mwenye sauti ya chini, aliyesomea Ulaya na akarudi wakati ambao wengine walikuwa wanatafuta tiketi ya kuondoka. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani na maji yalikuwa hayapandi bila pampu. Mlinzi wake aliishusha pampu mezani.

"Ilisimama lini?" nikauliza.

"Haikusimama," akasema Dokta. "Inatembea vizuri. Ni vile kila asubuhi inakataa kuanza. Mulinzi anaisukuma na kijiti, inaanza, basi."

"Kijiti."

"Kijiti kidogo tu."

"Tangu lini, Dokta?"

Akaangalia mlinzi. Mlinzi akaangalia viatu vyake. "Tangu Pasaka," akasema mlinzi.

Nikainua kidole. Dokta akasoma ukuta, akacheka mpaka akashika meza. "Nimepatikana," akasema. Nikafungua pampu hapo hapo, nikamwonyesha kondansata, kile kikopo kinachoipa moteri nguvu ya kuanza, imevimba kama andazi, na sikuficha furaha yangu. Mtu mwenye diploma za Ulaya anawasha pampu kwa kijiti, na mwenye darasa la tatu anamweleza. Nilimweleza kwa kirefu.

Wakati namweleza, Zuhura alikuwa kwenye benchi akifunga waya ya feni, mguu ukipiga chini, midomo ikiimba jiografia. Akaacha, akamfuata paka, akarudi, akaifungua aliyofunga, akaanza tena, akapiga ngumi gotini. Dokta aliacha kunisikiliza.

"Huyu ni nani?"

"Mutoto yangu. Wa mbele darasani," nikasema, nikisogeza kioo.

"Naona. Na kila siku anafanya hivi? Anaanza, anaacha, anaanza?"

"Lakini anamaliza!"

"Anamaliza," akasema Dokta. "Fundi, usikasirike. Kuna watoto wenye akili sana, lakini fikira zao hazikai pale wanapoziweka. Si ujinga, si adabu mbaya. Iko na jina, mu Kifaransa. Ningependa umulete nimuangalie."

"Dokta, mutoto anapita mitihani. Tatizo iko wapi?"

Mlinzi, ambaye nilidhani hajui kusoma, aliinua kidole taratibu akakielekeza ukutani.

Dokta hakucheka mara hii. Ama alicheka kidogo. "Umenicheka juu ya pampu," akasema, "acha nami nikucheke kidogo juu ya mutoto. Sikuahidi kitu. Labda siyo. Miaka hii kila mutoto wa Bujumbura anashituka mulango ukipigwa, na aliyelala chini ya kitanda kwa sababu ya risasi hawezi kutulia darasani. Ni lazima nitenganishe hii na ile. Dawa yenyewe, na hii ambargo, sijue kama ningeipata. Lakini ningejua, nawe ungejua, na Madamu wa shule angejua. Fikiri."

Nilifikiri kwa namna yangu: niliifunga pampu yake upya, vizuri kuliko kiwanda kilivyoifunga, nikampelekea Kiriri mwenyewe, nikaiwasha bila kijiti mbele ya nyumba nzima. Juu ya mtoto sikusema neno. Nilidhani tumelipana.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, Mama Zuhura. Alikuwa anachambua maharage.

"Jina ya ugonjwa?" akasema. "Na anakula? Analala? Ana homa?"

"Apana."

"Basi ni ugonjwa gani huo wa mutu anayecheka? Baba Zuhura, we unajua hii Buyenzi. Mutoto akienda kwa dokta wa kichwa Jumatatu, Jumatano ni musazi, kichaa kabisa, na siku ya kuolewa ndiyo wanakumbuka. Mutoto anajiweza. Muache ajiweze."

Nami, niwe mkweli, nilifurahi kusikia hivyo. Ndivyo nilivyotaka aseme. Mimi mwenyewe nilijiweza, nani alinipima? Shangazi yangu alisikia kupitia ukuta, kama kawaida ya mashangazi, akasema dawa iko, ni kombe. Akamwendea mwalimu wa chuo cha dini, aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, Zuhura akanywa kwa adabu zote. Akasema ni tamu, akauliza kama kuna nyingine. Kitu kilichobadilika ni ulimi, ulikuwa wa njano mpaka Ijumaa. Mwalimu wa chuo mwenyewe aliniambia, "Baraka ni baraka, Fundi, lakini hata mi nikimuita Zuhura, anaitika mwili kwanza. Mwenyewe anafika nyuma."

Hivyo tukaendelea. Kila nilipopita mbele ya ukuta wangu niliona maneno yananitazama, nami nikawa napita nikitazama upande wa pili, kazi ngumu kidogo katika atelye yangu mwenyewe.

Kisha yakaja matokeo ya muhula. Zuhura alikuwa amepanda, wa nne! Nikafunga mashine zote. Nikanunulia atelye nzima Fanta, na wapita njia wawili waliokuwa wamesimama karibu. Ripoti nikaisoma kwa sauti, pale nisipoweza kusoma nikaweka maneno yangu, na yangu yalikuwa mazuri zaidi. Wakati wa kumwita msifiwa, msifiwa hakuonekana. Alikuwa amelala juu ya mabunda ya utepe wa pamba nyuma ya pipa, na pipa lilikuwa linawaka. Amelala katikati ya makelele yale, kwenye joto lile, kama mtu aliyetoka shamba.

Mke wangu alikuwa ameniletea chakula. Alipiga magoti kumwamsha, akaona gauni limepanda juu ya goti, akalishika kulishusha. Hakulishusha.

"Baba Zuhura," akasema. "Kuja."

Kwenye paja, kuanzia juu ya goti, kulikuwa na madoa. Mengine ya zambarau, mengine yamegeuka ya kijani, mengine mapya mekundu. Yalikuwa yamejipanga vizuri, kama mishono.

Nilifikiri la kwanza ambalo baba yeyote angefikiri, nikasimama nikitafuta nyundo. "Nani?" nikasema. "Nani alikupiga? Madamu?"

Zuhura aliamka, akaona nyuso zetu, akaliona gauni. Hakuogopa. Alicheka kama mtu aliyekutwa na zawadi kabla ya siku yake.

"Apana, Baba. Ni mi. Ninajifinya."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Kwa Madamu. Nikienda mbali, ninajifinya, ninarudi. Zamani ilikuwa mara moja moja. Sasa konkuri iko karibu, ninaendaka sana." Kisha akaniangalia, uso umejaa. "Hakuna mutu aliyenionyesha, Baba. Nilijifundisha mwenyewe. Kama we."

Jamani. Nimesifiwa na watu wakubwa katika maisha yangu, nimesifiwa mpaka na wadeni wangu. Sijawahi kupata sifa iliyoniuma hivyo.

Mke wangu aliinuka. Alisimama katikati ya atelye, mikono kiunoni, akageuka akautazama ukuta. Mama Zuhura hakusoma hata darasa moja, hilo mnalijua, na hajawahi kulificha.

"Mi sijue kusoma," akasema. "Nisomee hiyo ukuta yako."

"Unajua inasema nini."

"Nimesahau. Soma."

Wanafunzi wote walikuwa wameshika chupa za Fanta, hakuna aliyekunywa. Nikasoma. Sauti niliyokuwa nayo kwenye ripoti haikuwepo.

"Tena," akasema. "Na wale wa nyuma wasikie."

Nikasoma tena.

"Sawa," akasema Mama Zuhura. "Kesho tunaenda kwa dokta wako. Na Buyenzi ikiuliza, mi ndiye nitaijibu."

Kwa kujitetea nitasema hivi: wateja wangu husubiri mpaka moshi utoke. Mimi nilikwenda kabla ya moshi. Katika mji huu, huyo ni mteja mzuri.

Hospitali ile sitaitaja. Chumba cha Dokta Gorethi kilikuwa kidogo, viti vinne, na feni darini yenye kelele ya bering iliyokauka, nilisikia tangu mlangoni. Alimwuliza Zuhura mambo mengi kwa upole, akamchezesha michezo ya kadi na ya kukumbuka maneno. Kisha akatugeukia sisi.

"Ilianza lini? Kabla ya vita ama nyuma yake?"

"Kabla," akasema mke wangu. "Tangu tumboni. Alikuwa anapiga teke upande huu, kabla hajamaliza yuko upande ule."

"Na we, Fundi? Nyumbani anaweza kukaa mahali pamoja?"

Nilikuwa nimesimama, naangalia feni. "Hii inahitaji grisi, Dokta."

"Kaa, Fundi."

Nikakaa. Akaendelea kumwuliza mke wangu juu ya usingizi wa mtoto, nami nikawa nimesimama tena, maana kelele ya namna ile ni kama mtu anakuita jina.

"Fundi."

"Ni dakika moja tu, nikipata kiti kirefu..."

"Fundi, hapa nimuangalie nani? Zuhura ama baba yake?"

Mke wangu alifunika mdomo kwa mtandio. Nikaona mabega yake yanatetemeka.

"Mi sina kitu," nikasema. "Mi niko na atelye, niko na wanafunzi, kibao juu ya mulango. Mi ninazunguka, Dokta!"

Zuhura akashuka kwenye kiti chake. Akaja polepole, uso wa fundi kabisa, akaugeuza mkono wake, akaniwekea mgongo wa mkono shingoni. Akasubiri kidogo, kama nilivyomfundisha.

"Iko moto, Dokta," akasema.

Tulirudi mara kadhaa, maana Dokta hakutaka kukimbilia. Mwisho akasema ndiyo, ni ile, vita vimeongeza lakini havikuianzisha, na akatupa jina lake lote kwa Kifaransa, refu kama treni.

"Na mu Kiswahili?" mke wangu akauliza.

Dokta akafikiri. "Mu Kiswahili haijapata jina bado, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema Mama Zuhura, akifunga mtandio wake. "Basi haitaingia Buyenzi."

Na haikuingia, ama iliingia ikakosa pa kukaa.

Msifikiri mambo yaligeuka siku moja. Dawa haikupatikana, kama Dokta alivyosema. Dokta alikwenda mwenyewe kuongea na Madamu wa shule, naye Madamu akamruhusu Zuhura kusimama nyuma ya darasa akichoka kukaa, na kushika kipande cha utepe wetu wa pamba akikifunga na kukifungua mafundo, badala ya kujifinya. Nilipeleka bunda zima, utepe mzuri, sio ule ninaowapa nyinyi. Kazi za nyumbani tukazikata vipande vidogo. Na katika atelye nikampa kofia. Akiigeuza, hakuna mtu wa kusema naye, hata mimi, na mnajua jinsi hilo lilivyonigharimu. Mara nyingine alipotea nayo ikiwa imegeuzwa. Tulimngoja. Mzee Barnaba alimngojesha mkurugenzi, mimi ni nani?

Konkuri alipita. Hilo mlilijua, nililitangaza mpaka bandarini. Lakini mke wangu hakushangilia siku ile. Alimwita Zuhura chumbani, akafunga mlango, akatoka baada ya muda akaniambia, "Paja imebaki na rangi yake tu." Akaenda kupika.

Basi hiyo ndiyo habari ya ukuta. Atelye ni yenu sasa, mtapaka rangi mnayotaka, najua mnaipenda ile ya buluu. Ule upande wa meza ya kukaushia msiuguse. Na kila moteri inayozunguka, kabla hamjamrudishia mwenyewe, mgongo wa mkono kwanza.

Nimeandika karatasi hizi kwa siku nyingi kuliko nilivyofunga moteri ya kiwanda cha sabuni. Naandika kidogo, nainuka, natengeneza bawaba ya mlango, narudi, nimesahau nilikuwa wapi, nahimu ubeti mmoja, naendelea. Leo Zuhura amepita barazani akienda shuleni anakofundisha, ndala mbili, tofauti. Akasimama nyuma yangu. Nikahisi mgongo wa mkono shingoni.

"Aje?" nikauliza.

"Bado iko moto, Baba," akasema. "Lakini si ya kubomoa."